Gunia Tupu Winguni



Wengi wenu ni wakulima, nami ni mtoto wa mkulima wa kahawa katika milima ya Mbinga. Tangu utoto wangu nimeiona desturi moja katika chama chetu cha msingi: gunia la kahawa halipokelewi kwa macho. Hata likiletwa na mwenyekiti mwenyewe, litawekwa juu ya mizani, karani atasoma kilo, mwenye gunia naye atasoma, ndipo litaandikwa. Marehemu baba yangu alikuwa akisoma mizani mara mbili, kisha akimtazama karani usoni. Mimi mtoto nilikuwa nikiona haya kwa ajili yake. Leo mimi ndimi karani, na habari ninayotaka kuwasimulia ni ya magunia 127 niliyoyapokea bila kupima hata moja.

Magunia hayo hayakuwa ya kahawa, yalikuwa ya data. Msiogope neno hilo. Data ni yaleyale yaliyokuwa katika daftari kubwa la zamani: jina la mwanachama, namba yake, kilo alizoleta, tarehe, na fedha anazotudai. Chama chetu kiliacha daftari la mkono tulipopata kompyuta na programu ya mizani. Kompyuta hiyo, ambayo wenyewe huiita seva, yakaa ofisini mchana na usiku bila kuzimwa. Mkulima akipima, mashine ndogo humchapia stakabadhi, na kilo zake huingia moja kwa moja katika seva. Wazee walifurahi kwa sababu foleni ilipungua. Mimi nilifurahi kupita wao, maana mkono wangu ulipumzika kuandika.

Yanipasa kueleza kidogo jinsi programu hiyo inavyokaa ndani ya seva, la sivyo hamtaelewa kosa langu. Iliwekwa kwa njia ya makontena, kwa chombo kiitwacho Docker ambacho kilionyeshwa hadharani mara ya kwanza huko Marekani mwaka 2013. Kontena hili si lile la chuma la bandarini. Lifananisheni na kibanda cha shambani. Kibanda hicho waweza kukijenga asubuhi, ukakibomoa jioni, ukajenga kingine kilekile kesho, maana miti na nyasi zipo na kipimo chajulikana. Ndivyo lilivyo kontena la programu: likiharibika walifuta, wasimamisha jipya kwa dakika moja. Lakini hakuna mtu mwenye akili awekaye mavuno ya mwaka ndani ya kibanda cha shambani, kwa kuwa kikibomolewa vyote vilivyomo huenda nacho. Mavuno hupelekwa katika ghala imara iliyo nje. Ghala hiyo ya kontena huitwa voliumu. Kontena laweza kufa mara kumi, voliumu yabaki palepale katika diski ya seva, na kontena jipya likisimama hufungua mlango wa voliumu ileile na kuendelea na kazi.

Basi kilo zote za wanachama wetu zilikuwa katika voliumu moja.

Kijana aliyetuwekea programu hiyo aliniambia kabla ya kuondoka, “Karani, diski ni chuma, na chuma hufa. Kila usiku peleka nakala ya voliumu winguni.” Wingu alilolitaja si lile liletalo mvua. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, ambamo makampuni hukodisha nafasi ya kuweka vitu. Amazon walifungua ghala lao la namna hiyo, liitwalo S3, mwezi Machi mwaka 2006, na tangu Aprili 2020 wana majumba hata Cape Town, Afrika ya Kusini. Wewe uliye kijijini wapeleka furushi lako kwa njia ya intaneti, nao hulitunza katika mashine nyingi, ili moja ikifa nyingine iwe nalo. Malipo yake kwa chama kidogo kama chetu hayazidi bei ya soda chache kwa mwezi.

Nikaandika amri fupi, nikaipa saa yake, saa saba za usiku. Kila siku saa hiyo kontena dogo la msaada husimama, hufungua voliumu, hukusanya yote yaliyomo na kuyafunga kuwa furushi moja, hulipeleka winguni, kisha hujiondoa. Hii ndiyo njia ya kawaida, nami sikuibuni. Nilianza usiku wa tarehe 1 Juni 2023, mwanzo wa msimu. Asubuhi nilikuwa nikitazama orodha ya mafurushi kule winguni: la jana lipo, la juzi lipo, kila moja na tarehe yake. Nilijisikia kama mtu mwenye fedha katika benki. Hata nilijisifu mbele ya makarani wenzangu wa vyama vingine.

Tarehe 6 Oktoba 2023, siku ya Ijumaa, nilitaka kuweka toleo jipya la programu. Kontena moja likagoma kusimama. Nikatafuta shauri katika intaneti, nikaona mtu ameandika amri ya kushusha makontena yote ili kuanza upya. Nikaiiga neno kwa neno. Mwishoni mwake palikuwa na kistari na herufi moja, v. Sikuuliza ile v ni ya nini. Kumbe maana yake ni voliumu: shusha makontena, na voliumu zake uzifute pia. Mashine haikubishana nami. Iliandika mistari michache na kunyamaza.

Programu iliposimama tena, iliniuliza kama nataka kumwandikisha mwanachama wa kwanza.

Nawaambieni kweli, sikushtuka sana wakati ule. Nilijiambia, “Nakala zipo.” Nikafungua orodha ya wingu, nikalivuta furushi la usiku uliopita. Lilifika kabla sijaondoa mkono juu ya meza. Kwa mtandao wetu wa milimani, wasomaji, kitu hakifiki upesi hivyo! Hapo ndipo jasho liliponitoka. Nikatazama uzito wake: baiti mia na kitu. Barua fupi ya “Shikamoo mama, habari za nyumbani” yaweza kuwa na uzito huo. Nikalivuta la wiki iliyotangulia, la Agosti, la Julai, hata lile la kwanza kabisa. Yote 127 yalikuwa na uzito mmoja. Nilikuwa nimepeleka magunia matupu, yamefungwa vizuri, yameandikwa tarehe, na wenye ghala wameyatunza kwa uaminifu wote.

Nilitumia usiku ule kutafuta sababu, na sababu yenyewe ni ndogo hata yaudhi. Katika maandishi ya programu, voliumu yetu iliitwa mizani. Lakini chombo kinachopanga makontena, kiitwacho Docker Compose, huongeza mbele ya jina hilo jina la mradi, na usipompa jina la mradi hutwaa jina la folda. Kwa hiyo jina lake la kweli lilikuwa ushirika_mizani. Amri yangu ya usiku ilikuwa ikiomba mizani tu. Sasa, mtu akimwomba mtunza ghala ufunguo wa ghala isiyopo, huambiwa haipo. Docker hakufanya hivyo. Alipoona hakuna voliumu ya jina hilo, aliunda mpya, tupu, akaifungua kwa heshima, na kontena langu la msaada likafunga utupu ule na kuupeleka winguni. Hakuna taa nyekundu iliyowaka, wala onyo lolote. Ndivyo alivyotengenezwa, na kwa kazi nyingine jambo hilo lasaidia. Kosa ni langu mimi niliyetazama tarehe nisitazame uzito.

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti. Ni mzee mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: “Malipo ya pili?” Wakulima wa kahawa wajua maana ya swali hilo. Ukipeleka kahawa wapata malipo ya awali, na mnada ukimalizika chama hugawa kilichobaki kwa kadiri ya kilo za kila mtu. Tulikuwa tugawe mwezi wa Novemba. Watoto wa watu wangojea ada ya shule, na hatujui nani alileta kilo ngapi.

Tukaitisha mkutano, nikasimama mbele ya watu na kusema niliyoyafanya. Wengine walinikemea, na haki yao. Kisha tukaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, mimi na wajumbe wawili wa kamati, kukusanya stakabadhi. Zilitoka ndani ya makopo, chini ya magodoro, katikati ya vitabu vya shule. Mzee mmoja alikuwa amezitoboa na kuzitunga katika waya, zote, tangu ya kwanza, kwa mpango mzuri kuliko ofisi yangu. Kwa muda wa majuma matatu tulipata karibu kilo zote.

Nasema karibu. Karatasi za mashine ile ndogo hazichapwi kwa wino, huchapwa kwa joto. Ukiziweka mahali pa joto hugeuka nyeusi zote, na zikikaa juani hufifia mpaka hubaki nyeupe. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote jambo hilo. Mama mmoja mjane wa kitongoji cha juu alikuwa ametunza zake pale mama zetu wanapotunza kila kitu cha thamani, juu ya dari ya jikoni, karibu na moshi, ili mchwa wasizile.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu uketi.”

Akashusha kopo, akatoa karatasi tatu nyeusi kama kaniki. Akazipanga juu ya mkeka. “Zisome basi, mwanangu,” akasema, “maana wewe ndiwe uliyeziandika.”

Sikuweza kusoma hata tarakimu moja. Yeye alizijua kwa kichwa: safari ya kwanza kilo 84, ya pili 97, ya tatu 61. Safari ya kwanza alikwenda pamoja na jirani yake, naye alishuhudia. Ya pili alipakiwa na kijana wa pikipiki, naye akakumbuka. Ya tatu alibeba mwenyewe pamoja na mtoto wake, kwa awamu mbili, siku ya mvua, wala hakuna mtu aliyemwona ila mimi, nami nilipima watu wengi siku ile. Nilijaribu kukumbuka. Naliona gunia, naiona mvua, lakini namba siioni. Kamati ikakubali kilo 181, zile 61 ikazikataa. Mwenyekiti alisema kwa huzuni kwamba tukimkubali mmoja kwa neno lake tu, kesho watakuja arobaini. Sijui kama alikosea. Mimi niliamini, na hata leo naamini, kwamba mama yule alisema kweli.

Nilipopata mshahara nilimpelekea fedha za kilo 61. Akazitazama, akanirudishia. “Fedha zako si kahawa yangu,” akasema. Akanipa viazi nipeleke nyumbani.

Majuma yale nilikuwa silali vema, nikawa nasoma habari za watu wengine waliopoteza data. Nilidhani ni wanyonge kama mimi. Lakini wapi! Nikakuta habari ya GitLab, kampuni inayotunza kazi za watengeneza programu wa dunia nzima. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, fundi wao mmoja aliyechoka alitaka kufuta data katika mashine ya akiba, akafuta katika mashine kuu. Alipotambua na kuizuia amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Wakaenda kutazama nakala zao katika ghala la Amazon, wakakuta hakuna kitu. Programu yao ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata yao ilikuwa 9.6, hivyo ilikataa kufanya kazi. Barua za kuonya zilitumwa, lakini mitambo ya barua ilizikataa kwa kuwa hazikuwa na saini inayotakiwa. Kati ya njia tano walizokuwa wakizitegemea, hakuna hata moja iliyokuwa tayari kuwaokoa ipasavyo. Waliponea kwa picha ya diski ambayo fundi aliipiga kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi ya saa sita ile ikapotea. Walichonifurahisha ni kwamba waliyaandika yote hadharani bila kuficha, wala hawakumtupia mzigo yule fundi peke yake.

Basi nikaanza upya, safari hii kwa mizani. Kwanza, sikusanyi tena mafaili ya voliumu huku hifadhidata ikiandika. Hata jina lingalikuwa sawa, njia ile ilikuwa na hatari, maana ni kama kunakili daftari wakati karani mwingine yuaendelea kuandika: ukurasa wa kwanza ni wa asubuhi na wa mwisho ni wa jioni, na hesabu hazikubaliani. Sasa naiomba hifadhidata yenyewe, PostgreSQL, initolee nakala iliyo kamili ya wakati mmoja. La sivyo yafaa kusimamisha kontena kwanza, ndipo ukusanye. Pili, kabla furushi halijaondoka amri yangu hulipima, na likiwa jepesi kuliko la jana kupita kiasi, simu yangu yalia. Imekwisha kuniamsha mara mbili bure, nami nashukuru.

Mafurushi yafungwa kwa fumbo na programu iitwayo restic, ili mwenye kuyashika asiweze kuyasoma. Hapa nusura nifanye ujinga mwingine. Neno la siri la kufungulia nilikuwa nimeliandika ndani ya seva ileile! Ni kama kufungia ufunguo ndani ya sanduku. Watengenezaji wa restic wasema wazi kwamba neno hilo likipotea, data zimepotea. Sasa limeandikwa kwa wino katika karatasi mbili: moja katika sanduku la chuma la chama, nyingine kwa mweka hazina. Tena tuliwaeleza wanachama mkutanoni kwamba majina yao yatatunzwa nje ya nchi, kwa kuwa tangu mwaka 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yatumika, nayo yataka mambo hayo yafanywe kwa utaratibu.

Wako waliouliza kwa nini basi tusitegemee wingu peke yake. Walijibiwa na bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hapo nakala yaweza kuwa salama kabisa huko mbali, nawe usiweze kuigusa. Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, alifundisha kanuni ambayo mafundi wengi huifuata: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali. Kwa hiyo tulinunua diski ndogo ya mkononi. Kila Ijumaa hupokea nakala, kisha mweka hazina huondoka nayo.

Lakini hayo yote ni kupeleka. Kazi niliyokuwa nimeiacha ni kurudisha. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi natwaa kompyuta nyingine kuukuu, isiyo na kitu. Naunda voliumu mpya, navuta furushi kutoka winguni, nalifungua, nasimamisha makontena, kisha nahesabu: wanachama wangapi, kilo ngapi kwa jumla, na ukurasa wa mtu mmoja mmoja nikiulinganisha na daftari la mkono, ambalo tumelirudisha. Mara ya kwanza ilinichukua siku nzima na ikashindikana, kwa sababu sikuwa nimetunza maandishi yanayopanga makontena. Nilikuwa na mavuno bila kipimo cha kibanda. Sasa hayo nayo huenda winguni. Mwezi uliopita nilimaliza kwa dakika 50.

Yule mama mjane bado ni mwanachama. Stakabadhi zake hukaa katika bahasha, ndani ya sanduku la nguo, nami nimeandika namba juu ya kila moja kwa kalamu ya wino. Akija kupima huisoma mizani mara mbili, kama alivyofanya baba yangu, kisha hunitazama usoni. Msimu huu alikuja siku ya Ijumaa. Akaniuliza, “Lile gunia la juu, umelifungua mwezi huu?” Nikamjibu kwamba zamu yake ni kesho. Akashusha mzigo wake kichwani, akaketi juu ya benchi la ofisi, akaniambia nisijali, hana haraka, na kitongojini kwao kuna msiba hivyo atalala kwa dada yake hapa chini, kesho asubuhi atakuja tulifungue pamoja.